Biashara haigombi: Nasaha kwa muuzaji na mnunuzi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu kabla hajapewa Utume, pamoja na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, siku chache kabla ya Idd el Fitri iliyopita tulishuhudia jambo katika duka moja la nguo na viatu huko Tegeta, jambo ambalo limetukaa moyoni hadi leo. Tumeona si vyema Ijumaa nyingine ipite bila ya kulisema, kwa kuwa linamgusa kila mmoja wetu: anayeuza, anayenunua, na mzazi ambaye mtoto wake ametoka asubuhi kwenda kusimama nyuma ya kaunta ya mtu mwingine.

Ilikuwa jioni, futari inakaribia. Dukani alikuwamo binti mmoja wa miaka ishirini hivi, peke yake, na wateja wamejaa. Baba mmoja alichagua kanzu mbili za watoto na jozi ya viatu, akalipa kwa simu. Simu yake ikamwonyesha kuwa fedha zimekwenda. Simu ya duka ikakaa kimya. Binti, bila ya kuinua macho, akasema kwa sauti kavu kwamba hakijaingia kitu. Baba akasema amekwisha kulipa. Binti akajibu, "Nyote mnasema hivyo hivyo." Hapo ndipo moto ulipowaka. Yule baba alimwita mwizi, akamwuliza kama anajua anazungumza na nani, kisha akawaingiza na wazazi wake katika matusi. Binti naye hakumeza. Alimwambia mbele ya watu kwamba asiye na fedha asiingie madukani kusumbua wenzake.

Watu wakajaa mlangoni, wengine wakicheka, wengine wakichochea. Adhana ya Magharibi ikawakuta wote wawili wamefunga Swaumu na ndimi zao zimefunguka. Haikutimia nusu saa, ujumbe ukaingia katika simu ya duka. Fedha zilikuwa zimelipwa kweli; mtandao ndio uliokuwa umelemewa. Baba akachukua furushi lake akaondoka bila ya neno. Asubuhi yake mwenye duka alimwambia binti asirudi tena, na katika ujira wake akakata thamani ya jozi mbili za viatu zilizotoweka wakati wa zogo lile.

Haya ya mwisho tuliyasikia kwa mama yake, ambaye ni jirani yetu. Alikuja kutuuliza swali moja tu: "Je, mwanangu alikosa nini?" Tulikaa kimya kwa muda, kwani jibu lake si jepesi. Binti alikuwa na haki ya kutotoa mali ambayo fedha yake haijaonekana. Baba alikuwa na haki ya kusema amelipa, kwa kuwa alikuwa amelipa. Watu wawili wenye haki waliingia katika jambo moja na wakatoka wote wawili wakiwa na makosa. Kilichowaharibia kilikuwa sauti ya kwanza, jicho la kwanza na neno la kwanza, wala si fedha.

Wahenga walisema biashara haigombi. Maneno mawili tu, lakini ndani yake mna elimu ya soko zima. Anayegomba na mteja amepoteza mteja hata kama ameshinda ugomvi. Na anayegomba na muuzaji amepoteza heshima yake hata kama amepata chenji yake. Lakini tuulize: kwa nini siku hizi magomvi ya madukani yamekuwa mengi kiasi hiki?

Wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanakumbuka zama ambazo muuzaji ndiye aliyekuwa mfalme. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya kuagiza na kusambaza bidhaa iliwekwa chini ya shirika la umma, na baadaye chini ya kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyofunga maduka mengi ya watu binafsi ili pawepo maduka ya vijiji na ya ushirika. Kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zikawa adimu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na unga vikawa vitu vya kupangiwa foleni. Katika foleni ile mnunuzi ndiye aliyeamkia, ndiye aliyetabasamu, ndiye aliyebembeleza. Karani wa duka aliweza kusema "hakuna" bila ya kutazama nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1984 kwa kulegezwa masharti ya kuagiza bidhaa, na ukafunguka zaidi katika uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais tangu mwaka 1985 hadi 1995, ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa. Tangu hapo maduka yakazaliwa. Tegeta yenyewe ni ushahidi. Mahali palipojulikana zaidi kwa kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza kazi mwaka 1966, na kwa malori ya kokoto, leo ni mji. Ukitembea kutoka Tegeta Kibaoni hadi Tegeta Nyuki, utapita maduka ya vifaa vya ujenzi, ya dawa, ya nguo na ya simu, magenge ya mboga, na vibanda vya miamala vilivyopangana kama meno ya kitana. Watu wanajenga Madale, Wazo, Boko na Bunju, na kila anayejenga anataka misumari, mabati na rangi. Ukikasirika katika duka hili, hatua kumi mbele lipo jingine linalouza kitu kile kile kwa bei ile ile.

Basi mizani imegeuka. Badala ya muuzaji kuwa mfalme, sasa tunaambiwa mteja ndiye mfalme. Maneno haya yamebandikwa ukutani na yanahubiriwa katika mafunzo ya biashara. Sisi hatuyakatai kwa maana ya kumhudumia mtu vizuri. Lakini tunaona yameingia vibaya katika vichwa vya baadhi yetu. Mtu mwenye noti ya shilingi elfu mbili mkononi amejiona sultani, akimpigia muuzaji mluzi, akimwita "we mtoto" au "oya", akitupa fedha juu ya kaunta badala ya kuzikabidhi. Muislamu anajua kwamba Mfalme wa haki ni mmoja, na Yeye hauzi wala hanunui. Waliobaki, aliye mbele ya kaunta na aliye nyuma yake, ni waja wawili wanaohitajiana. Mmoja ana fedha na hana sukari. Mwingine ana sukari na hana fedha. Hapo pana ufalme gani?

Tuanze na upande wa muuzaji, kwani ndiye mwenyeji. Katika Qur'ani Tukufu ipo Sura ya 80, ambayo jina lake, Abasa, maana yake ni kukunja uso. Wafasiri wanaeleza sababu ya kuteremka kwake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu, akaja Sahaba kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, akitaka kufundishwa. Kuja kwake wakati ule kulikata mazungumzo, na uso wa Mtume ukakunjika. Mwenyezi Mungu akateremsha aya za kumkumbusha Mtume Wake mpenzi kwamba huyu aliyekuja kwa hima na kwa kicho ndiye aliyestahiki kusikilizwa.

Tutafakari jambo moja, ndugu wasomaji. Aliyekunjiwa uso alikuwa kipofu. Hakuuona uso ule, wala hatukupokea kwamba alilalamika. Na bado jambo lile likateremshiwa Qur'ani itakayosomwa mpaka Siku ya Kiyama. Ikiwa mkunjo wa uso ambao mwenyewe hakuuona umepewa uzito huo, je, vipi mkunjo tunaowaonyesha watu wenye macho mawili? Na tena tazama nani alipewa nafasi: si mwenye cheo aliyetarajiwa kuleta faida, bali mnyonge aliyekuja na haja yake.

Ni somo hasa kwa muuzaji wa leo. Mteja akiingia, jicho la muuzaji hushuka kwenye viatu vyake kabla ya kupanda usoni. Aliyeteremka kwenye gari huambiwa "karibu bosi", na kiti huvutwa. Mama aliyekuja kwa miguu kutoka bonde la mbali, kanga yake imefifia, huachwa amesimama, na akiuliza bei hujibiwa, "Utanunua au unauliza tu?" Hatusemi haya kwa kuwa huenda mama yule akawa na fedha nyingi zilizofichwa kwenye pindo la kanga. Pengine hana. Pengine alitaka kujua bei ili aanze kuweka akiba. Heshima yake haitokani na alichonacho kwenye pindo. Inatokana na kwamba Mwenyezi Mungu amewakirimu wanadamu wote.

Na wapo wauzaji ambao hawambagui mtu kwa mavazi, lakini wanambagua kila mtu kwa simu. Kijana amekaa nyuma ya kaunta, waya ziko masikioni, kidole kinapandisha picha, mteja anakohoa mara mbili ndipo anatazamwa. Mteja yule akitoa neno kali, kijana atasema amekutana na mteja mkorofi. Lakini ukorofi ule una baba na mama, na mmoja wa wazazi wake ni ule ukimya wa mwanzo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba tabasamu usoni mwa nduguyo ni sadaka. Sadaka gani nyingine iliyo nyepesi kuliko hii, ambayo muuzaji anaweza kuitoa mara mia kwa siku na mtaji wake usipungue?

Sasa tugeukie upande wa mnunuzi, ambao kwa kawaida hausemwi. Katika adabu za salamu zilizopokewa katika Hadithi sahihi, aliyepanda humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyekaa, na wachache huwasalimu wengi. Tuiweke kanuni hii mlangoni pa duka. Nani anatembea na nani amekaa? Muuzaji amekaa mahali pake. Mnunuzi ndiye aliyetembea akamjia. Basi kwa adabu ya dini yetu, salamu ya kwanza ni deni la mnunuzi. Wangapi kati yetu tunalilipa deni hilo? Tunafika dirishani tukianza na "nipe vocha", "nipe mkate", "una sukari?", kana kwamba tunazungumza na ukuta. Na tukifika kwa mwenye umri wa mama zetu, shikamoo hatuitoi, eti kwa kuwa sisi ni wateja.

Tunasema haya kwa sababu hisia ya kwanza haijengwi na upande mmoja. Muuzaji anamsoma mnunuzi tangu hatua ya mlangoni, na mnunuzi anamsoma muuzaji tangu jicho la kwanza. Salamu ndiyo inayovunja woga huo wa pande mbili. Aliyekusalimu kwa amani amekwisha kukutangazia kwamba hakuja kwa shari. Na neno likija kupotoka baadaye katika bei au chenji, wote wawili wana mahali pa kurudia.

Lakini itakuwaje pale mteja anapokuja na ukali hata baada ya kupokewa vizuri? Hapa tunao mfano wa Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu mmoja aliyekuwa akimdai Mtume ngamia alikuja kudai kwa maneno makali. Masahaba walikasirika, wakakusudia kumtia adabu. Mtume akawazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kuisemea haki yake, akaamuru alipwe ngamia. Walipotafuta hawakupata wa umri wa yule aliyedaiwa, walipata aliye bora zaidi. Akaamuru apewe huyo huyo, akafundisha kwamba watu bora ni wale walio bora katika kulipa.

Angalieni jinsi jambo lile lilivyotatuliwa. Mtu yule alikuja na mambo mawili kwa pamoja: ulimi mbaya na haki. Masahaba walitazama ulimi. Mtume akatazama haki. Ulimi hakuujibu kabisa, na haki akailipa pamoja na nyongeza. Muuzaji mwenye busara naye atenganishe mambo hayo mawili. Mteja anapopiga kelele kwamba pasi aliyouziwa jana haipati moto, neno lake la kwanza linaweza kuwa tusi, lakini ndani ya tusi mna pasi mbovu. Muuzaji akilijibu tusi, watagombana mpaka jioni na pasi itabaki mbovu. Akiishughulikia pasi, mara nyingi tusi hufa lenyewe kwa kukosa wa kulilisha.

Na tuwe wakweli: ukali mwingi wa wateja tunaupika sisi wauzaji wenyewe. Madukani tumebandika tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Fiqhi haikubaliani na tangazo hilo pale mali inapokuwa na kasoro iliyofichika. Mnunuzi ana hiari ya kuirudisha, na wanavyuoni wanaiita hiari ya aibu. Hata mnunuzi aliyejuta tu, bila ya kasoro yoyote, Mtume amemsifu anayekubali kumvunjia mauzo yake na kumtajia malipo kwa Mola wake. Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mnunuzi, na Tume ya Ushindani imewekwa kuisimamia. Wakala wa Vipimo upo kwa ajili ya mizani iliyochezewa, kosa ambalo Qur'ani imelifungulia Sura nzima ya Al-Mutaffifin kwa onyo kali. Mwenye kupunja kilo kisha akalalamika kwamba wateja hawana adabu, ajilaumu kwanza yeye.

Kwa vijana wetu walio kazini tunatoa nasaha chache zitokanazo na tuliyoyaona. Kwanza, salimu, na kama mikono imejaa, mwambie mteja, "Karibu, nakuja kwako sasa hivi." Anayejua kwamba ameonekana huweza kusubiri, asiyeonekana huanza kuchemka. Pili, katika malipo ya simu, usitegemee ujumbe ulio katika simu ya mteja, kwani wapo wanaoghushi. Tegemea ujumbe au salio la simu ya duka. Lakini usimfanye kila mtu mwizi kwa ajili ya wezi wachache. Sema, "Samahani baba, kwangu bado haujafika, naomba tusubiri kidogo; nitaandika namba ya muamala wako, na mzigo wako nauweka hapa pembeni kwa jina lako." Maneno hayo hayatoi mali wala hayavunji heshima. Tatu, hesabu chenji mbele ya macho ya mteja, uirudie kwa sauti. Nne, sauti ya mteja ikipanda, yako ishuke. Na ukiona kifua kinajaa, kaa chini kama umesimama, au unywe maji, au umwite mwenzako akupokee. Mtume ametufundisha kwamba mwenye nguvu hasa si mpiga mieleka, bali anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Na hasira, kama walivyosema wazee, ni hasara.

Hata hivyo, isije ikafahamika kwamba tunamtaka muuzaji avumilie kila kitu. Subira ina mahali pake na dhulma haina mahali. Lipo jambo ambalo mabinti wa madukani hawawaambii baba zao kwa kuona haya: wanaume wanaoingia si kwa kununua bali kwa kushika mkono wakati wa kupokea chenji, kwa maneno machafu, kwa kuomba namba ya simu na kutishia kumsemea kwa bosi akikataa. Hapo hatumwambii binti atabasamu. Hapo tunamwambia atoe mkono wake, apaze sauti, na amwite aliye karibu. Tangu mwaka 1998, sheria ya makosa ya kujamiiana imeufanya unyanyasaji wa namna hii kuwa kosa la jinai, na lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani nayo ni kosa. Mwenye duka anayemwambia binti avumilie kwa kuwa yule ni mteja mzuri amemuuza mfanyakazi wake pamoja na bidhaa zake.

Kwa wenye maduka tunalo neno zaidi, kwani katika kisa chetu wao ndio waliokaa pembeni na kutoa hukumu. Binti yule aliachwa peke yake jioni ya msimu wa Idd, na wateja wamejaa. Nani aliyepanga hivyo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa moja katika siku ya kazi inayozidi saa 5. Mtu aliyesimama tangu asubuhi, amefunga, hajakaa chini, huyo mnamtaka awe na uso gani saa kumi na mbili jioni? Sheria hiyo hiyo hairuhusu kumkata mfanyakazi fidia ya hasara kiholela. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lake, aelezwe deni hilo na apewe nafasi ya kulipinga, makato yasizidi hasara yenyewe, na yasizidi robo ya ujira wake. Na aliyeachishwa kazi bila ya haki anaweza kupeleka lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Sisi Waislamu tulitangulia kufundishwa kwamba mwajiriwa alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Vipi basi tunaukausha ujira wenyewe?

Na sasa kwetu sisi wazazi. Tabia ya kaunta haianzi kwenye kaunta. Mtoto wa miaka saba tunapomtuma dukani jioni kununua mafuta ya kula, tunampa fedha na chupa, salamu hatumpi. Hurudi akisema chenji ni pungufu, nasi hutoka kwa hasira na kwenda kumfokea muuzaji mbele yake kabla hatujamtazama mfukoni. Mtoto huyu amejifunza nini? Nyumbani humwona baba akimwita dada wa kazi kwa kupiga makofi, na mama akimjibu mchuuzi wa samaki mlangoni kwa dharau. Akiwa mnunuzi atakuwa yule baba wa kanzu mbili, na akiwa muuzaji atakuwa yule binti wa sauti kavu. Luqmani, katika nasaha zake kwa mwanawe zilizotajwa katika Sura ya 31, alimkanya asiwageuzie watu shavu kwa kiburi na akamwamrisha aishushe sauti yake. Aliyatia mambo hayo katika wasia mmoja na Swala na kumkataa mshirika wa Mungu. Basi tusiyadharau.

Tunarudi kwa mama aliyetuuliza kosa la mwanawe. Tulimjibu kwamba binti alikosa katika neno moja, lile la kuwaweka watu wote katika kundi la waongo, kisha akakosa tena kwa kulipa tusi kwa kejeli. Lakini hakukosa kuilinda mali ya watu, na adhabu aliyopewa ilizidi kosa lake. Tulimtafuta pia yule baba, ambaye tunasimama naye safu moja katika Swala ya Ijumaa. Hatukumpata akiwa mtu mbaya. Alitusikiliza, akainamisha kichwa, akasema kwamba aliporudi nyumbani jioni ile kanzu zile zilimkaa machoni na hakuweza kuwafurahia wanawe walipozijaribu. Alikwenda mwenyewe kwa mwenye duka, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeanza matusi. Mwenye duka alirudisha fedha alizokata. Kazi haikurudi, kwani alikwisha kuwekwa mtu mwingine. Yule baba alikwenda pia kwa wazazi wa binti kuomba radhi, kwa kuwa nao aliwatukana, na binti naye akaomba radhi kwake. Leo binti anauza vitenge vya shangazi yake kwenye kibanda kidogo, na mama yake anatuambia kwamba amebandika nyuma ya kaunta, mahali anapoona yeye na si mteja, kikaratasi kilichoandikwa: "Salimu kwanza."

Ndugu zetu, amepokea Bukhari kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume alimwombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Dua hiyo haikumchagua muuzaji ikamwacha mnunuzi, wala haikumsahau mwenye kudai. Kila mmoja wetu, kabla jua halijatua leo, atakuwa mmoja wa hao watatu. Baada ya Swala ya Ijumaa wengi wetu tutapita sokoni na madukani kabla ya kufika nyumbani. Tumefundishwa katika Sura ya 62 kwamba Swala ikimalizika tutawanyike katika ardhi tukitafuta fadhila za Mwenyezi Mungu, huku tukimkumbuka kwa wingi. Basi tumkumbuke pale penye mizani na chenji, na pale muamala unapochelewa, kwani hapo ndipo Swala yetu inapopimwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe ndimi zetu, azibariki biashara zetu, awalinde vijana wetu walio kazini, na atujaalie tuwe miongoni mwa walioombewa rehema hiyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.